APAREYI ILIYOTENGENEZWA HAIRUDISHWI KATIKA KABATI

Masomo: Matendo ya Mitume 15:36-40; 2 Timoteo 4:11; Yohana 21:15-17



Leo vijana wetu wanapiga foto kwa simu. Lakini wapapa na wamama wanakumbuka apareyi ya filme, ile iliyopiga foto za ndoa, za ubatizo na za matanga. Katika nyumba nyingi ingali ndani ya kabati, imefungwa katika mfuko wake wa ngozi, na watu wanasema: «Imekufa.» Tumuulize fundi kama imekufa kweli.

Fundi hasemi neno kabla ya kuifungua. Anafungua mgongo wake, anamulika kwa taa. Mara nyingi anakuta mambo matatu.

La kwanza, sponji nyeusi inayozuia mwanga pembeni ya mlango imeoza na kuwa kama lami. Mwanga unapenya, foto zinatoka na mistari. Mwenyewe alilaumu filme, akanunua nyingine na nyingine tena, kumbe kosa liko mlangoni.

La pili, apareyi fulani zina pazia la kitambaa mbele ya filme. Mtu akiiacha wazi ikielekea jua, kioo kinakusanya moto na kutoboa pazia. Ni kitundu kidogo kama ncha ya sindano, lakini kinaacha doa katika kila foto.

La tatu ni ukungu juu ya kioo. Ukungu huo hauletwi na kazi. Unaota pahali penye giza na unyevu, ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa miaka mingi. Watu wa Kisangani na wa pembeni ya ziwa Kivu wanajua unyevu ni kitu gani. Ukikaa sana unakula uso wa kioo, na hata ukipanguswa unaacha alama.

Fundi anakwangua sponji iliyooza, anasafisha kwa alkoli, anaweka nyingine. Anaziba kitundu kwa mpira mweusi. Anapangusa kioo. Lakini mkwaruzo mdogo juu ya kioo cha mbele anauacha, kwa sababu anajua hautaonekana katika foto. Halafu anaweka filme moja ya kujaribu. Na neno lake la mwisho kwa mwenye apareyi ni hili: «Itumie. Usiirudishe katika kabati, ukungu utaota tena.»

Wapendwa, tusikilize neno hilo vizuri.

Katika parokia zetu kuna ndugu aliyeanguka. Alikuja mbele ya wazee, akaungama, tukamwombea, tukaimba kwa furaha. Tangu siku ile anakaa kwenye benchi la mwisho. Ngoma aliyokuwa akipiga imepewa mwingine. Yuko kijana aliyetoka katika makundi ya silaha porini, na hakuna anayemtuma hata kuchota maji ya wageni. Yuko binti aliyezaa nyumbani kwa baba yake. Kwaya ilimtoa, na mtoto sasa anatembea. Tukiulizwa, tunajibu: «Tulimsamehe, lakini...» Hiyo «lakini» ndiyo mfuko wa ngozi. Tumemtengeneza mtu, tukamfungia gizani. Akiharibika mara ya pili, tutasema ni tabia yake?

Tazameni Yohane Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba hakumwambia Marko angoje nyumbani. Alipanda naye chombo wakaenda Kipro, kazini. Miaka ikapita, na Paulo akiwa mfungwa alimwandikia Timoteo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Na Petro, aliyemkana Bwana mara tatu? Bwana alimuuliza mara tatu kama anampenda, na mara zote tatu akampa kazi ya kondoo. Msamaha na kazi vilikuja asubuhi moja.

Mzee mmoja atauliza: «Na akianguka tena?» Swali ni la haki. Sikieni habari ya kamera moja iliyo mbali sana. Mwaka 2011 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Juno kwenda sayari ya Jupita, kikafika mwaka 2016. Kamera yake ilitarajiwa kudumu mizunguko nane ya kwanza. Ilipita hapo, lakini miali mikali ya huko iliiumiza, na katika mzunguko wa 56 karibu kila foto ilitoka imeharibika. Hakuna fundi anayeweza kufika kule. Basi waliiamuru kutoka duniani ijipashe moto kwa nguvu yote. Juma la kwanza hawakuona nafuu kubwa. Hawakuacha. Siku chache baadaye foto zikatakata, na tarehe 30 Desemba 2023 kamera ile ikapiga mwezi uitwao Io kwa umbali wa kilometa 1.500, karibu safi kama siku iliporushwa. Baadaye, katika mzunguko wa 74, uharibifu ulirudi. Lakini foto za Io zimekwisha kupatikana, na hakuna anayeweza kuzifuta.

Ndiyo, ndugu anaweza kuanguka tena. Tutamwendea tena. Kazi njema aliyoifanya alipokuwa amesimama haipotei mbele ya Mungu.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, mashemasi na viongozi wa kwaya: Jumapili hii, kabla ya ibada kwisha, tazameni benchi la mwisho. Mwiteni mmoja kwa jina lake, mkampe kazi ndogo ya kuanzia, kama fundi na filme yake ya kujaribu. Msitafute mkwaruzo usioonekana katika foto. Na wewe unayekaa pale nyuma, ukiitwa usikatae.

Bwana awape macho ya fundi na uvumilivu wake. Amina.