Amri ya Kufurahi: Tafakuri kuhusu Maandalizi ya Sikukuu, Mgeni na Utu

Utangulizi

Liwatoni ni mtaa wa kisiwa cha Mombasa unaoelekea maji ya Kilindini. Kwa maji hayo waliingia Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1930, wakimbizi wengi wa Kiyahudi walioikimbia Ujerumani ya Hitler. Wengi wao walipita tu wakaelekea bara, ambako jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi ilikuwapo tangu mwaka 1904. Kwa hiyo mtu akiuliza sikukuu ya Kiyahudi inamhusu nini msomaji wa Mvita, jibu la haraka ni kwamba haimhusu. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Yananuia kuonyesha kwamba mapokeo ya sikukuu hizo yanazua swali la kimaadili ambalo Mombasa imekwisha kuulizwa kwa njia ya uchungu: je, furaha yaweza kuwa wajibu? Na ikiwa ni wajibu, anadaiwa nani?

Amri na orodha

Katika sura ya 16 ya Kumbukumbu la Torati, Waisraeli wanaamriwa kufurahi katika Sikukuu ya Vibanda. Mwanafalsafa atapinga papo hapo. Immanuel Kant alishikilia kwamba upendo kama hisia hauwezi kuamriwa, kwa kuwa hakuna apendaye kwa kuambiwa apende. Hoja hiyo yaelekea kuihusu furaha vilevile. Aliyefiwa haambiwi acheke.

Hata hivyo, tukiisoma sura hiyo kwa makini, twaona kwamba amri haiishii kwenye hisia. Inafuatwa na orodha: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Orodha ya namna hii ni kazi ya mtu anayeandaa. Hawezi kumkaribisha mjane asiyemkumbuka wakati wa kupima unga, wala kumweka mgeni kibandani ikiwa kibanda kimejengwa kwa kipimo cha jamaa peke yao. Hapa ndipo ilipo hoja yetu ya msingi. Furaha yenyewe haiamriki, lakini maandalizi yake yaamrika. Na hukumu ya kimaadili juu ya sherehe hutolewa huko, kabla taa haijawashwa.

Kitabu cha Esta kinatia nguvu hoja hii kwa njia ngumu zaidi. Sikukuu ya Purimu, ambayo huenda ndiyo yenye shangwe kuliko zote, inatokana na kisa kinachomalizika kwa mauaji: sura ya 9 inataja maadui 75,000. Msomaji wa leo hawezi kulifumbia macho jambo hilo. Lakini mwandishi hakuiweka karamu katika siku ya kuua. Aliiweka katika siku ya kupumzika iliyofuata, kisha akaifunga kwa masharti mawili: watu wapelekeane vyakula, na maskini wapewe zawadi. Masharti hayo hayayafuti mauaji. Yanachofanya ni kuizuia furaha isije ikajitosheleza kwa ushindi.

Mpishi yuko wapi?

Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya akiwa mtoto mwaka 1938, aliyasimulia maisha ya wakimbizi hao katika riwaya yake ya Kijerumani, Nirgendwo in Afrika (1995). Mmoja wa wahusika wake wakuu ni Owuor, mpishi. Uhakiki umezoea kumtazama mhusika wa aina hii kwa jicho la siasa ya ukoloni, na ni haki. Sisi tungependa kuongeza swali dogo la jikoni: anayeandaa chakula yuko wapi wakati wa kukila? Orodha ya Kumbukumbu la Torati ilikwisha kulijibu, kwani mtumwa na mjakazi wametajwa miongoni mwa wanaofurahi. Jamii ambayo mwandaaji wa furaha hahesabiwi ndani yake imeivunja amri hiyo hata kama imepika vizuri.

Kikambala, 2002

Novemba mwaka 2002, Mombasa ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ndizo siku ambazo nguo za Idi hushonwa, kaimati hukaangwa kila magharibi, na wenye nyumba huanza kuhesabu zaka ya Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila nafsi. Sheria inataka zaka hiyo itolewe kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye aamke na sikukuu. Wiki hiyohiyo ilikuwa ya kuingojea Hanuka, ambayo Injili ya Yohana katika Kiswahili inaiita Sikukuu ya Kutabaruku. Taa ya kwanza ilikuwa iwashwe jioni ya Ijumaa, tarehe 29. Nayo pia ina mila ya vyakula vya kukaangwa kwa mafuta.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 28, watalii kutoka Israeli waliwasili katika Hoteli ya Paradise, Kikambala, kaskazini mwa mji. Wacheza ngoma wa Kigiriama walikuwa wakiwalaki. Gari lililosheheni mabomu likaingia. Walikufa Wakenya kumi, baadhi yao wacheza ngoma hao, na Waisraeli watatu, wawili wakiwa watoto. Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa, yakaikosa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikambala mwenyeji hakupona. Waliolipua walijua kuhesabu pia, lakini hesabu yao ilimtambua mgeni kwa utaifa wake tu, na mcheza ngoma hawakumhesabu kabisa. Pamoja na hayo, tusijitoe lawamani upesi. Mcheza ngoma alikuwa mlangoni kwa ujira, akiipamba furaha ambayo hakuwa na nafasi ndani yake. Dhambi ya muuaji haina mfano, na haigawanywi. Ila swali la nani huhesabiwa katika maandalizi lilikuwapo kabla ya bomu, na lingali mlangoni mwa hoteli nyingi za pwani.

Hitimisho

Yawezekana mtu akasema: tukidai kila mmoja ahesabiwe, walio hai na waliokufa, hakuna sherehe itakayobaki na utamu. Mapokeo ya Pasaka yana jibu. Usiku huo, mapigo ya Misri yanapotajwa, kila mtu hutoa matone ya divai kikombeni mwake, na wengi huieleza desturi hiyo kuwa ni kuipunguza furaha kwa sababu ya Wamisri walioangamia. Kikombe hupunguzwa, hakimwagwi. Wanaosherehekea huendelea kunywa.

Ahmad Nassir, malenga wa Mvita, aliuita utenzi wake Mtu ni Utu, na katika mapokeo ya mji huu utu hujulikana kwa vitendo. Kuandaa sikukuu ni kimojawapo. Anayepima unga usiku wa kuamkia siku kuu, Muislamu, Myahudi au Mkristo, anaamua kwa kibaba kilichomo mkononi mwake ni nani aliye mtu. Kesho yake atafurahi au hatafurahi. Hilo halimo katika uwezo wake. Kibaba kimo.