Saa Isiyoogopa Maji

Ami yangu alikuwa baharia. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha mashine cha meli za mizigo, na katika safari zake zote alijinunulia saa moja tu ya mkono, ya chuma kisichoshika kutu. Ukiiondoa nyumba, hakuwa na kitu cha thamani kuishinda. Aliivaa kwenye joto la mashine, akaivaa juu ya sitaha katika baridi ya bahari za kaskazini, na aliporudi Unguja aliivaa akienda kuvua pweza. Ilipokwaruzika hakusikitika. "Saa ni ya mkono, mwanangu," alikuwa akiniambia, "na mkono ni wa kazi." Kabla hajafariki alinipa mimi.

Mimi ni mtu wa kalamu. Nilichofanya kwanza ni kuipeleka kwa fundi wa saa, Mji Mkongwe, ili aing'arishe. Alipoifungua alinieleza mambo nisiyoyajua. Ndani mna mafuta kidogo mno. Baridi kali huyafanya mazito, magurudumu yakazunguka kwa shida, na joto kali huyafanya mepesi, yakahama mahali pake. Maji nayo huzuiwa na vipira vyembamba, ambavyo huzeeka kwa jasho, chumvi na jua. Zile mita 100 zilizoandikwa usoni ni ahadi ya siku saa ilipotoka kiwandani, na haibaki kuwa kweli bila ya matunzo. Akabadilisha vipira, akaipima, akanirudishia. "Sasa ingia nayo baharini bila ya wasiwasi."

Sikuingia nayo. Niliivaa siku za Sikukuu na harusini, na baadaye jioni nikienda kupunga upepo Forodhani.

Jioni moja ya mwaka 2019 vijana walikuwa wakiruka kutoka ukutani na kutumbukia majini, kama ilivyo desturi yao. Mtoto mmoja, wa miaka minane hivi, aliishiwa nguvu. Niliona kichwa kikizama, kikatoka, kikazama tena. Nilikuwa karibu naye kuliko watu wote, na kuogelea nimejua tangu utotoni. Nikashika mkanda wa saa nianze kuufungua. Kifungo kikakataa. Nilipokuwa nikihangaika nacho, kijana mmoja muuza juisi ya miwa alinipita mbio na kujitupa na nguo zake, simu mfukoni. Akamtoa mtoto akiwa hai. Simu ilikufa.

Nikabaki nimesimama ukutani na saa yangu kavu mkononi. Imeandikwa mita 100. Pale nadhani maji hayakufika mita tatu.

Nilijitetea moyoni kwamba zilikuwa sekunde chache tu. Lakini ufukwe huohuo ulishatufundisha kwamba wakati mfupi si wakati mwepesi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilimpa Seyyid Khalid mpaka saa 3 asubuhi awe ameshuka. Muda ulipopita mizinga ikalia, na haikutimia saa nzima kasri lilikuwa limebomoka na watu wake wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa. Kwa mtoto anayezama, sekunde tano ni nyingi.

Nikajitetea tena: saa ile ni kumbukumbu ya marehemu, na kitunze kidumu. Hoja hii ina uzito zaidi. Lakini hebu tutazame nani aliyeitunza. Fundi alibadilisha vipira ili saa iweze kuingia majini. Mimi niliitunza ili isiingie kamwe. Yeye alimtumikia mvaaji. Mimi nilikuwa nikiitumikia saa, na siku ya haja nilikwenda kumwomba bwana wangu ruhusa kwanza.

Tena nilikuwa nikijivunia uvumilivu usio wangu. Mwezi wa Oktoba 1927 mwogeleaji wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, aliingia katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex shingoni. Baada ya zaidi ya saa kumi baridi ilimshinda, akatolewa majini. Saa ilikuwa inakwenda vizuri, na kampuni ikaitangaza kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti. Januari 1960 saa nyingine ya kampuni hiyo ilifungwa nje ya chombo Trieste, kikateremka karibu kilomita 11 katika Bahari ya Pasifiki, na watu wawili ndani yake wakiwa wakavu. Saa haina baridi ya kuhisi wala hofu ya kuishinda. Ujasiri wa majini alikuwa nao Gleitze, aliyetolewa kabla ya kufika.

Siku ya pili nilimpelekea yule kijana fedha ya simu. Alizipokea, akacheka. "Mzee wangu, simu ni simu tu." Hakujua kwamba alinisomea hukumu.

Tangu siku hiyo naivaa saa kila siku, kisimani, shambani na baharini, nayo imerudi kukwaruzika. Ningependa kusema kwamba nimepona. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ilipoporomoka, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, niliuliza kwanza habari za mnara na saa yake kubwa. Nilipojibiwa kwamba navyo vimekwenda, nikasikitika sana. Kisha ndipo nikauliza kama mlikuwa na watu. Walikuwamo, na wawili wakafa.

Nawe msomaji, ukisikia kishindo, utauliza nini kwanza?