Ndege wa tunduni naye ana haki ya amani

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, kijana mmoja wa darasa letu la jioni ameniuliza: “Ustadh, nimenunua kasuku, lakini nikisogea tu anajigonga kwenye vyuma vya tundu. Wenzangu wanasema nimkamate kwa nguvu mpaka azoee. Yafaa?”

Kufuga ndege kunaruhusiwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik (RA) kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kijindege cha kuchezea, na Mtume (SAW) hakumkataza. Lakini haohao wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Huenda mtu akasema: “Wangu namlisha.” Basi na atazame Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini. Ndege yule hakuwa na njaa wala jeraha; alikuwa na fadhaa tu. Mtume (SAW) akaamuru arejeshewe wanawe. Kumbe fadhaa ya ndege peke yake ni jambo zito katika dini yetu.

Kwa hiyo, kijana wangu, usimkamate. Allah amemuumba ndege huyu awe na hadhari: jicho linalomkazia na mkono unaomshukia kutoka juu, kwake ni mwewe. Liegemeze tundu ukutani, penye utulivu. Kaa karibu kila siku bila kumkodolea macho, useme naye kwa sauti ya chini. Kisha mpe punje au kipande cha tunda kwa mkono uliotulia. Akirudi nyuma, nawe rudisha mkono. Akishajua kwamba hofu yake inaheshimiwa, atasogea mwenyewe. Huenda ikachukua wiki, huenda miezi.

Ukimkamata kwa nguvu atanyamaza, ni kweli. Lakini kunyamaza si kuamini. Na hapa tujiulize sisi wazazi na walimu: watoto wanaonyamaza ghafla tunapoingia, ile ni adabu au wamemwona mwewe?

Asiye na subira hiyo asinunue ndege. Aliyekwisha kumfungia kiumbe asiyeweza kumkimbia amebeba amana, na amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.