Kimeng'enya, Mdudu na Mizani ya Haki

Iwapo binadamu ana haki ya kukuza nguvu ya kiumbe kimoja ili kukiangamiza kingine ni swali la kale katika falsafa na dini, lakini limepata sura mpya tangu sayansi ilipoanza kuwatumia bakteria kulinda mazao. Udhibiti wa kibiolojia, yaani matumizi ya viumbe hai au vitu vinavyotokana navyo katika kupunguza visumbufu vya mimea, mara nyingi hutetewa kwa hoja nyepesi kwamba umetoka katika maumbile, na kwa hiyo ni mwema kuliko viuatilifu vya viwandani. Hoja hiyo haitoshi.

Mfano ulio wazi ni kitinazi. Hiki ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuteketea, na kazi yake ni kukata kitini, dutu ngumu inayojenga ganda la mdudu, utando unaokinga utumbo wake, ukuta wa seli ya kuvu na ganda la yai la minyoo washambuliao mizizi. Kiwavi anapokula jani lenye kitinazi pamoja na sumu ya bakteria Bacillus thuringiensis, utando huo hudhoofika na sumu huufikia ukuta wa utumbo kwa urahisi zaidi.

Bakteria wengi, hata hivyo, huzalisha kitinazi kwa wingi pale tu wanapokutana na kitini. Mtafiti anayetaka kingi zaidi huwalisha unga wa maganda ya kamba, kisha hurekebisha joto, uchachu, hewa na muda, akivipima kwa pamoja kwa mpango wa kitakwimu, kwa kuwa joto linalofaa katika uchachu wa kiwango kimoja huenda lisifae katika kingine. Hapa ndipo swali la maadili linapozaliwa, kwa maana maabara huuliza ni kiasi gani kinaweza kupatikana, ilhali dhamiri huuliza ni kiasi gani kinatosha, na majibu ya swali la kwanza hayawezi kulijibu la pili.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alionyesha kwamba jinsi mambo yalivyo haitoshi kuthibitisha jinsi yanavyopaswa kuwa. Historia ya Serratia marcescens, bakteria aliye hodari sana katika kuzalisha kitinazi, inaonyesha pia jinsi ilivyo rahisi kukosea tunapoyahukumu maumbile kuwa mema au mabaya. Mwaka 1819, karibu na Padova nchini Italia, ugali wa mahindi uligeuka mwekundu kama damu na watu wakaingiwa na hofu ya laana, mpaka mfamasia Bartolomeo Bizio alipoonyesha kuwa wekundu ule ulitokana na kiumbe hai kidogo mno, akakipa jina. Hofu ile haikuwa na msingi, lakini hata imani iliyoifuata haikuwa nao: mwaka 1950 jeshi la wanamaji la Marekani lilimpulizia bakteria huyo juu ya San Francisco katika jaribio la silaha za kibiolojia, likimdhani hana madhara, ilhali leo anajulikana hospitalini kwa kuwaambukiza wagonjwa dhaifu. Aidha, kitini kimo katika nyuki, katika buibui na katika kuvu wanaosaidia mizizi kupata chakula. Kimeng'enya hakimjui adui wala rafiki. Anayepaswa kuwatofautisha ni mwanadamu.

Dini zimelitambua jukumu hilo. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 2, kinampa mwanadamu kazi ya kulima pamoja na ya kulinda, bila kuzitenganisha. Qurani inamfanya khalifa katika ardhi, na Surat Ar-Rahman inamkataza kuvuka mizani. Mafundisho yote mawili yanaruhusu mkono wa mwanadamu kugusa uumbaji, ila hayaruhusu mkono usio na kipimo.

Wapo wanaosema kwamba heshima kwa uumbaji ni kuuacha ulivyo. Lakini viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Amerika, waliripotiwa Afrika mwaka 2016 na kuyavamia mashamba ya mahindi ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata, na mbele ya njaa ya jirani, kukataa kutenda nako ni kitendo chenye lawama yake.

Kwa hiyo kukuza uzalishaji wa kimeng'enya ni halali, lakini uhalali huo una masharti. Pale ambapo kimeng'enya kilichosafishwa kinatosha, kitumike badala ya bakteria hai, kwa sababu protini haizaliani shambani. Kipimo kifuate mahitaji ya zao, si uwezo wa mtambo. Na usalama wa nyuki na wa mkulima uthibitishwe kabla ya mauzo. Watafiti, viongozi wa dini na wakulima hawana budi kukaa pamoja na kuyapima masharti hayo mapema, kwa sababu kila nguvu anayoiongeza binadamu humwongezea pia wajibu wa kuiwekea mpaka.