MTOTO HAKUTAKA, AO HAKUWEZA?

Mafundisho kwa wazazi, waalimu na wakubwa wa masomo
Kusoma: Walawi 19:14, Kutoka 4:10-12, 2 Samweli 9



Katika kitabu cha Walawi Mungu anakataza mambo mawili pamoja: kumlaani kiziwi, na kumwekea kipofu kikwazo njiani. Tuangalie vizuri. Kiziwi hasikii aliyemlaani, na kipofu hamwoni aliyemtega. Wote wawili hawawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema: Ni fulani. Ndiyo sababu Mungu anamaliza amri ile kwa kutukumbusha kumwogopa Yeye. Yeye amesikia, Yeye ameona.

Leo tunalipeleka neno hili katika nyumba ya masomo. Mwalimu anaita jina la mtoto mara tatu, mtoto hajibu, anapigwa fimbo kwa ajili ya kiburi. Kumbe sikio lake ni zito. Mwingine hamalizi kuandika, anapigishwa magoti juu ya kokoto. Kumbe hauoni ubao. Mwingine anakodoa macho kwa nukta chache, kalamu inaanguka, wanasema analala. Kumbe kuna kifafa cha namna ile, kisichomwangusha mtu chini. Wote hawa wanaadhibiwa kwa kosa ambalo halikutoka moyoni mwao.

Wapendwa, tunashika maneno matatu: Mapendo, Amri na Kazi. Tuyafuate moja moja.

Kwanza, MAPENDO. Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumpiga, wala hakumfukuza. Alimjibu kwamba Yeye ndiye aliyeumba kinywa, kisha akampa Haruni kuwa msemaji wake. Mefiboshethi naye alikuwa na miaka mitano alipoanguka mikononi mwa mlezi wake aliyekuwa akikimbia, akawa kilema wa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alimtafuta, akamkalisha kwenye meza yake, mahali pa wana wa mfalme. Hakumwambia atembee kwanza vizuri ndipo ale.

Wengine watatujibu kwa Mezali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo anamchukia mwana wake. Tunajibu hivi: maneno yale yanasema juu ya kumrudi mtoto, na kumrudi ni kumtoa katika njia mbaya aliyoichagua. Kiziwi hakuchagua uziwi. Fimbo haijafungua sikio la mtu hata siku moja. Na mtume Paulo, katika Waefeso 6:4, anawakataza wababa kuwachokoza watoto wao. Tukumbuke vilevile mwaka 1921, kule Thysville, mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu Papa Simon Kimbangu kifo na fimbo 120. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha, na Papa alikaa miaka 30 kifungoni mpaka alipokufa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Watu waliopata kujua namna hii uzito wa fimbo isiyo ya haki, watainuaje fimbo ya namna ile juu ya mtoto asiyeweza kujitetea?

Pili, AMRI. Wazazi wengi hawajui kwamba sheria za inchi zinasimama upande wa mtoto huyu. Inchi yetu ilikubali Mapatano ya Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 28 kinataka nidhamu ya masomo iheshimu utu wa mtoto, na kifungu cha 23 kinamlinda mtoto mwenye ulemavu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika masomo ya Leta. Kifungu cha 49 kinampa mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Tena kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu.

Na wale wanaosema kwamba mtoto wa kifafa ni mchawi, wasikie: kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamfunga mshitaki huyo mwaka mmoja mpaka mitatu. Tuombe kwa ajili ya mtoto, ndiyo, na tumpeleke hospitali. Maombi hayakatazi dawa.

Tatu, KAZI. Mwaka 1977 Leta ilipatana na makanisa, la Wakatoliki, la Waprotestanti na la Wakimbangu, kusudi yaongoze masomo. Basi jambo hili si la Leta peke yake.

Mwalimu, tunajua darasa limejaa na mshahara ni mdogo. Lakini kuuliza hakuna bei. Kabla ya kuadhibu, jiulize: mtoto huyu hakutaka, ao hakuweza? Asiyesikia akae mbele, aone midomo yako. Asiyeona vizuri asogee karibu na ubao. Mwenye mkono mzito aongezewe wakati. Akikosa kweli kwa kutaka, umrudi kama wengine, maana ulemavu si ruhusa ya utukutu. Lakini umpe adhabu ambayo mwili wake unaiweza na isiyomwaibisha.

Direkta, usimfukuze mtoto kabla ya kumwita mzazi na kumsikiliza pamoja na komite ya wazazi.

Mzazi, usimfiche mtoto wako nyumbani kwa haya. Siku ya kumwandikisha, mwambie mwalimu ugonjwa wake. Akionewa, usiende na matusi. Nenda kwa mwalimu, kisha kwa direkta, kisha kwa komite, na wasipokusikia, kwa inspekta wa Leta. Na sisi mashemasi tuko tayari kukusindikiza.

Mtoto aliyepigwa kwa sababu hakusikia hatasema kitu. Atajifunza tu kwamba nyumba ya masomo si yake, na siku moja hatarudi. Tutasema ameacha mwenyewe. Mungu hatasema hivyo.

Ee Baba, uliyeumba kinywa na sikio, utupe macho ya kumtambua asiyeweza, na mikono ya kumwinua. Amina.