Mikono ya Wazee na Haki Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu nguvu baada ya unyonge wa utoto, kisha akamwekea unyonge mwingine na mvi baada ya nguvu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika Mbuchi, pale mto Rufiji unapogawanyika mikono mingi kwenda baharini, mtu mzima hujulikana kwa viganja vyake. Mkono mmoja ulishika shoka la kukatia mikoko, zama zile boriti zilipohesabiwa kwa korija na kupakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni. Mwingine umeshika kafi na pondo, na jembe la mpunga, na kamba ya wavu. Mtume (S.A.W.) alimsifu Nabii Daudi kuwa alikula katika kazi ya mkono wake, basi mikono hii ina heshima yake. Walakini ifikapo miaka 60, vifundo vya vidole huvimba, mkono hukakamaa alfajiri, na dole gumba huuma hata kwa kushika kata ya maji.

Na liko jambo la kusikitisha. Wako wazee wanaoacha sala ya jamaa, si kwa kupungukiwa na imani, bali kwa haya. Hawawezi kuinua ndoo, hawawezi kupitisha vidole baina ya vidole, na wakisujudu viganja vyawauma mbele za watu. Wakadhani kuwa ibada yao imeharibika, wakajikalia majumbani. Dhana hiyo si sahihi, na yapasa waambiwe.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kilicho chepesi hakiondoki kwa sababu ya kilicho kizito: mtu hufanya awezalo, na asiloliweza husamehewa. Kuinua mikono wakati wa takbiri ni sunna. Asiyefika usawa wa mabega huinua kadiri awezavyo, na akiweza mkono mmoja huinua huo mmoja. Katika kusujudu, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameona kauli yenye nguvu kuwa ni wajibu kuweka chini sehemu ya viganja. Angalia: sehemu, si kiganja chote kukandamizwa. Na aliyeshindwa kabisa ana udhuru.

Ama udhu, maji ya vuguvugu hayana ubaya wowote. Kilichochukiwa ni maji yenye moto mkali au baridi kali. Na asiyeweza kujitawadha kwa mikono yake, yampasa atafute wa kumtawadha, hata kwa ujira wa kawaida akiwa nao. Nia huwa ya mzee mwenyewe, si ya amwagiaye maji. Basi kumbe kusaidiwa si aibu. Ni jambo ambalo wanavyuoni wamelihesabu katika wajibu wake.

Kuhusu dawa, mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa uzee. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Watu wengine huishika nusu yake ya mwisho, wakasema maumivu ya mzee hayana tiba. Wamekosea. Uzee hauondoki, lakini maumivu yanayokuja pamoja nao yanatibika au yanapunguzwa, na matabibu wameyapambanua.

Yako maumivu ya kuchakaa kwa gegedu, yaani ile sehemu laini ifunikayo ncha za mifupa. Haya hukaza vidole asubuhi kwa muda mfupi, kisha hulegea. Iko baridi yabisi ambayo mwili wenyewe hushambulia viungo vyake: mikono yote miwili huvimba, huwa na joto, na ukavu wa asubuhi hudumu saa nzima au zaidi. Mwenye hii asingoje. Aende hospitali upesi, kwani ikicheleweshwa vidole hupinda visinyooke tena. Na mwenye kuamshwa usiku na ganzi ya vidole, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni mwa mkono, na hilo nalo lina tiba yake.

Wa kwanza, na ndio wengi, hufaidika kwa mambo mepesi: kuloweka mikono katika maji ya vuguvugu, kukunja na kukunjua vidole polepole kila siku, na kuzungushia mpini wa jembe au kafi kitambaa kinene hata ujae kiganjani, maana mpini mwembamba huutaabisha mkono zaidi. Vidonge vya maumivu visiliwe siku nenda siku rudi bila ya tabibu. Huumiza tumbo na figo, khasa kwa wazee. Unga usiojulikana kilichomo ni khatari kuliko vidonge.

Na mganga asemaye kuwa mkono umefungwa na ndugu au jirani, huyo haponyi mkono, anakata udugu. Othman bin Abil-As alipomshitakia Mtume (S.A.W.) maumivu ya mwili wake, alifundishwa aweke mkono pale paumapo, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara 3, kisha ajikinge kwa uwezo Wake mara 7. Ameipokea Muslim. Hakutajiwa jina la mtu wa kumchukia.

Imebaki haki juu ya vijana. Siku ya Idi hubana mikono ya wazee kwa furaha mpaka machozi yawalengelenge. Kupeana mikono ni sunna, kubana si sunna. Na mtoto ambaye baba yake alishika shoka ili yeye ashike kalamu, asingoje kuombwa. Na apashe maji kabla ya adhana ya alfajiri, ammwagie mkono wa kulia, kisha wa kushoto, asiharakishe. Na mzee asiye na mtoto, watu wa msikiti wake ndio watoto wake: birika la maji ya vuguvugu liwekwe mlangoni, na mmoja asimame hapo.

Wallahu aalam.