Apudeti Ina Kituo Chake

Wanangu wa Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, nakwambieni jambo moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: sasisho la kweli halikufuati. Likikukuta katikati ya shughuli yako, likakupigia ving'ora na kukuhesabia dakika, jua nyuma yake pana mtu anayetaka kuingia ndani mwako.

Nyinyi mmelelewa na karafuu, kwa hiyo mtanifahamu upesi. Karafuu huuzwa kituoni, kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mchana, kwenye mizani ya hadharani, na mwenye gunia ndiye anayelibeba kwenda. Anayekugongea usiku akilitaka gunia lako ni mtu wa magendo, bei yake iwe nzuri namna gani. Apudeti nayo ina kituo chake. Ya Windows imo kwenye mipangilio ya kompyuta, mahali palipoandikwa Windows Update. Ya Chrome imo ndani ya Chrome: vidoti vitatu pale pembeni juu, kisha Help, kisha About. Za programu za simu ya Android zimo Play Store, na ile ya mfumo wenyewe imo kwenye mipangilio ya simu. Microsoft hawakuletei sasisho kwa baruapepe, wala kwa ukurasa wa tovuti ya filamu, wala hawampigii mtu wa Konde simu kumwambia kompyuta yake inaumwa.

Hebu tuutazame uongo wenyewe kwa karibu. Unatafuta pahala pa kutazama mechi bure. Unabofya, unabofya tena, ghafla kioo kizima kinageuka buluu, vidoti vyeupe vinazunguka, na asilimia zinapanda: 31, 32, 33. Mkono unaacha kipanya wenyewe, maana sote tumefunzwa kwamba kompyuta ikiwa katika hali ile haiguswi. Iguse. Bonyeza Esc, na ikikataa bonyeza F11. Mara nyingi ile buluu itajikunja na juu yake itatokea anwani ya tovuti usiyoijua mwanzo wala mwisho. Ulikuwa ukurasa wa mtandao uliojitanua ukajaza kioo, basi. Windows inaposasishwa kikweli haina anwani ya tovuti kichwani.

Miaka hii wamezidi ufundi. Ukurasa ule wa buluu unakupa na maelekezo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, ili sasisho likamilike. Usichokijua ni kuwa ukurasa umeshakunakilia amri kimyakimya, na unapobonyeza hivyo wewe mwenyewe ndiye unayeibandika na kuiendesha. Hapo hata programu ya kuzuia virusi inaweza kunyamaza, kwa kuwa amri imetoka kwa mwenye kompyuta. Hakuna sasisho la halali duniani linalokutaka ubandike maandishi usiyoyasoma.

Na ipo alama nyepesi kuliko zote, nayo ni Flash Player. Adobe walisitisha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 wakaizuia isioneshe kitu. Ukurasa wowote unaokutaka leo uisasishe ni wa mwongo. Hapo hapana haja ya uchunguzi, funga uende zako.

Lakini msidhani hii ni kazi ya vijana wahuni tu. Wengi wenu mna ndugu Maskati na Dubai. Waulizeni wakubwa waliokuwa na BlackBerry mwaka 2009. Mwezi Julai mwaka ule wateja wa Etisalat, kampuni ya simu ya Falme za Kiarabu, walipokea ujumbe wa kuwataka waweke sasisho la kuboresha mtandao. Wateja wa BlackBerry wa kampuni hiyo walikuwa wapatao 145,000, na ujumbe ulitoka kwa kampuni wanayoilipa kila mwezi. Nani angekataa? Waliokubali wakaona betri zinakwisha kabla ya siku kwisha. RIM, watengenezaji wa BlackBerry, wakatoa tamko kwamba sasisho lile hawakulitoa wao wala hawakuliidhinisha, kwamba ni programu ya upelelezi iliyotengenezwa na kampuni ya SS8 ya Marekani, nao wakatoa programu ya kuiondoa. Etisalat walisema ilikuwa ni ya kurekebisha mawasiliano baina ya mitandao ya 2G na 3G. Mimi katika kisa hiki nashika mambo mawili. Jina la mtumaji peke yake halitoshi, muulize aliyeitengeneza simu. Na betri inayokwisha ghafla baada ya kuweka kitu kipya inakuambia jambo, isikilize.

Kwetu majina nayo hubadilika. Novemba 2024 Tigo na Zantel ziliitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mabadiliko yalikuwa ya kweli, na siku kama hizo ndizo za kuwa macho zaidi, kwa sababu mtu akikuletea kiungo cha kupakua programu mpya ya pesa, habari yenyewe umeshaisikia redioni. Usikifuate kiungo. Ingia Play Store mwenyewe, au nenda dukani kwao ukaulize.

Sasa nije kwenye maradhi yetu wenyewe, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Kijana ananunua kompyuta iliyotumika. Anaipeleka kwa fundi, fundi anatoa flashi iliyopita katika kompyuta za nusu ya mji, anaweka Windows ya kunakili, na jambo la kwanza analofanya ni kuzima kinga ya virusi, kwa sababu ile krak, programu ya kuivunja leseni, haikubali kukaa nayo pamoja. Jambo la pili anazima apudeti. Anakwambia, ili bando lako lisiliwe. Unashukuru, unalipa, unaondoka na nyumba isiyo na mlango. Baadaye kioo kikikuletea sasisho la uongo huna cha kulilinganisha nalo, kwa kuwa la kweli hujapata kuliona.

Shida ya bando naijua, siidharau. Lakini Windows yenyewe inakuruhusu kuahirisha masasisho kwa wiki kadhaa. Ahirisha, ungoje bando la usiku au mtandao wa skuli, kisha uweke. Kuzima moja kwa moja ni jambo jengine. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fedha ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa. Tundu kilimopitia Microsoft walikuwa wameshaliziba kwa sasisho la tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kwa hiyo mwenye kuogopa kila sasisho amekimbia kirusi kimoja akavilalia vingine.

Simu nazo mna mtindo wa WhatsApp za rangi na za GB, mnarushiana kwa Xender kama peremende. Hizo hazimo Play Store na mwenye WhatsApp hazijui. Zikikuambia kuna toleo jipya, toleo hilo linatoka kwa nani? Agosti 2021 Kaspersky, kampuni ya kinga za virusi, walieleza kuwa toleo la 16.80.0 la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo, lilikuwa limebeba kirusi kiitwacho Triada, chenye uwezo wa kupakua virusi vyengine na kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila ya kujua. Ujumbe uliofutwa na mwenzako, ambao ndio mnaoufuata huko kwenye GB, hauna thamani hiyo.

Nisiwafiche: mara chache hata kituoni penyewe hutiwa sumu. Juni 27, 2017 kompyuta za Ukraine zilipata kirusi cha NotPetya kupitia sasisho halali la programu ya hesabu za kodi, M.E.Doc, kwa kuwa wadukuzi walikuwa wameingia kwa watengenezaji wake. Kirusi kikavuka mipaka hadi kwa Maersk, wenye makontena mnayoyaona katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kikaiharibu kumbukumbu iliyokuwa ikiuongoza mtandao wao wote. Nakala moja tu ilisalimika, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu siku ile umeme ulikuwa umekatika. Sisi tuliokaa Pemba kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010 tunaijua hali ile vizuri, ila hatukupata kusikia kukatika kwa umeme kumemfaa mtu. Msitegemee bahati hiyo. Wekeni nakala ya kazi zenu kwenye diski ya nje, kisha mchomoe diski. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo.

Ukishabofya pasipostahiki, kata mtandao kwanza. Tumia kompyuta au simu nyengine kubadilisha nywila zako, ukianza na ya baruapepe, halafu uwapigie watu wa mtandao wako wa simu wakufungie pesa. Namba ya tapeli itume 15040, iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili hiyo. Aibu isikucheleweshe, maana mwizi anahesabu dakika.

Na wewe mwenye duka la fotokopi, unayepokea flashi za watu kutwa nzima na kuwajazia watoto wetu fomu za mkopo wa chuo, nakuomba hili. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wametoa nafasi ya mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, na mahali pa kujiandikisha ni humo humo ndani ya Windows Update. Matangazo yatakayokuja kukuuzia nafasi hiyo kutoka pengine yaache. Leo kabla ya kufunga duka ifungue kompyuta yako, utazame sasisho la mwisho liliingia lini, na kama fundi alilizima, liwashe.